Kambi haikuanzia kwetu

Bwana Mhariri,

Jambo kwako na kwa wote wanaofanya kazi kwenye gazeti. Niko naandika juu ya barua ya yule papa (mzee) wa Kipushi mliyoitoa juzi, yule aliyesema mambo ya kambi za wafanyakazi wa kampuni ya shaba, sirene, posho ya chakula ya kila wiki na shefu wa kambi anayeingia nyumbani kuangalia kama sahani zimeoshwa, wazungu waliyatengeneza juu yetu sisi weusi tu, na kwamba huko kwao hakuna mzungu aliyewahi kuamshwa na kampuni. Barua ilikuwa nzuri, niliisoma yote, nikaisomea na watu wa parseli (kiwanja cha nyumba) yetu, lakini hapo kwenye neno la mwisho sikubaliani naye hata kidogo, na mnisamehe kama nitakuwa mrefu.

Mimi ni mtoto wa kambi, nimezaliwa hapa Lubumbashi, papa alikuwa anafanya kwenye fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba. Nina mdogo wangu mwanamke, alifuata bwana yake Uingereza, sasa wanakaa Bolton, kaskazini, karibu na Manchester. Kazi yake kuhudumia wazee nyumbani kwao, anawaosha, anawapa dawa, anawapikia chai (ya maziwa, anasema bila hiyo mzee hafungui hata macho), na jioni akirudi ananitumia maodio ya WhatsApp marefu kama misa ya Pasaka. Wengi wa hao wazee, zaidi wamama, walizaliwa kwenye vijiji vya kiwanda cha pamba, yaani kampuni ndiyo ilijenga nyumba, kampuni ilijenga masomo (shule), mara nyingi na kanisa, na mwenye kampuni jumba lake liko juu kwenye mlima, anawaona wote kutoka dirishani. Nilipoanza kusikiliza nilifikiri mdogo wangu ananichekesha. Nikamwambia, we, unanisimulia Uingereza ama unanisimulia kambi yetu?

Tuanze na kuamka. Huko kabla watu hawajawa na saa nyumbani, kulikuwa na mtu wa kugonga madirisha. Anapita saa kumi na moja asubuhi, giza bado, ana fimbo ndefu sana yenye waya kwenye ncha, anakwaruza kioo cha chumba cha juu mpaka aone pazia limesogea, ndipo anaenda nyumba ya pili, na kila nyumba inamlipa senti kidogo kila wiki. Halafu unasikia viatu. Walikuwa wanavaa viatu vya soli ya mbao vilivyopigwa chuma chini, barabara ni ya mawe, kwa hiyo watu mia tano wakitoka pamoja kwenda kazini ni kelele moja inashuka kilima chote, watoto kitandani wanajua tu ni saa ngapi. Na watoto nao walikuwa wanapiga ile chuma kwenye jiwe makusudi ili itoe cheche, mama anakasirika juu viatu vinakwisha. Ukichelewa unakuta geti limefungwa, pesa ya nusu siku imeenda. Sasa papa wa Kipushi aniambie, huyo siyo mtu anayeamshwa na kampuni? Na tena analipa mwenyewe wa kumwamsha! Sisi angalau sirene ilikuwa ya bure.

Kuna mama mmoja kati ya wale wazee, jina silisemi, ndiye mdogo wangu anampenda kuliko wote. Huyo aliingia kiwandani akiwa na miaka 15, baada ya vita kuu ya pili, kwenye chumba cha kufuma vitambaa. Mashine mamia kwenye jumba moja, zote zinapiga pamoja, huwezi kusikia hata mtu akikupigia kelele kwenye sikio. Wafanye nini? Walijifunza kusomana midomo. Wamama walikuwa wanaongea siku nzima, mmoja huku mwingine kule mwisho wa jumba, bila sauti, mdomo tu unafunguka wazi wazi na mikono inasaidia, na wakirudi nyumbani wanaendelea vile vile, hasa kwa yale mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto na wanaume, mimba ya fulani, bwana wa fulani. Leo mama huyo masikio yamekufa, kelele iliyakula kama ya wenzake wengi, lakini ukimweka ndani ya bisi anakwambia watu wa viti vya mbele kabisa wanasengenya nani. Mdogo wangu anasema pale kwake ukitaka kusema siri lazima ugeukie ukuta.

Nimecheka sana kwa hiyo, halafu nikafikiri kidogo. Kwetu wamama hawakuingia fonderi. Hii njo tofauti kubwa kabisa naona kati ya kijiji chao na kambi yetu, na ndiyo watu hawaisemi. Huko mama, dada, mtoto wa kike, wote walikuwa na mashine zao, mfumaji alikuwa anaangalia mashine nne ama sita yeye peke yake na analipwa kulingana na kitambaa alichotoa. Mpaka watoto. Nkambo (mzazi wa wazazi) ya huyo mama alianza akiwa na miaka 10, asubuhi kiwandani, mchana masomoni, wiki inayofuata inageuzwa, mchana kiwandani na asubuhi masomo, na mwalimu alikuwa anawaacha tu walale juu ya meza juu wamechoka. Sheria ya kuondoa hiyo ya nusu-nusu ilikuja 1918, na ilichukua miaka mingine mpaka ikaanza kufuatwa. Wazazi wengi hata hawakuitaka hiyo sheria, walikuwa wanahitaji zile senti za mtoto.

Kwetu kampuni ilimwoa papa, samahani nasema hivi ovyo, na mama alikuja na papa. Union Minière, kampuni yetu ya shaba, tangu mwisho wa miaka ya 1920 iliamua ni heri mfanyakazi akae na bibi na watoto kuliko kuwaleta wanaume peke yao kwa mkataba mfupi, wanakufa ama wanakimbia na unaanza upya. Ndipo zikaja nyumba, maziwa ya watoto, lopitali, masomo ya mapadri, na foyeri ya wamama kujifunza kushona na kupika na kupanga meza. Ndiyo hapo Swahili yetu hii tunayoongea ilipata nguvu, Muluba wa Kasai, Mubemba, mtu wa Rwanda, mtu wa Rhodesia, wote kambi moja, utaongea nini? Mama kwenye kitabu cha kampuni alikuwa mtu wa posho, hakuwa mfanyakazi. Nilimpigia mama sasa, nikamweleza habari ya wale wamama wa Bolton na mashine zao, na kwamba yule mmoja ameniulizia: kama hamkuingia kiwandani, mlikuwa mnafanya nini siku nzima? Mama alinyamaza, nikafikiri rezo ya simu imekatika. Kumbe anachemka. Akaniambia, mwambie mwenzangu kwamba mimi nilikuwa na shamba ya mihogo upande wa mto, nilikuwa natwanga, nauza munkoyo (kinywaji cha mahindi), nauza na kile kingine ambacho shefu wa kambi hakutaka kukiona (papa wa Kipushi anakijua), nililea watoto na watoto wa ndugu ya baba yako wanaokuja kusoma, na mwambie sisi hatukuwa na sirene ya kutuachilia jioni. Mdogo wangu alimsomea hiyo yule mama, anasema alipiga meza kwa mkono.

Lakini nirudi kwa jambo la barua. Papa wa Kipushi anasema haya yalitengenezwa juu yetu. Mimi nasema yalijaribiwa kwanza juu ya masikini wa kwao. Kuna kijiji kinaitwa Saltaire, karibu na Bradford, tajiri wa manyoya ya kondoo na ya alpaka Titus Salt ndiye alikijenga na kukiita kwa jina lake na la mto Aire, kiwanda kilifunguliwa 1853. Nyumba safi, lopitali, masomo, bustani, nyumba za wazee. Na hakukuwa na bar hata moja, hakutaka wafanyakazi wanywe. Wala hakutaka aone nguo zimeanikwa barabarani. Shefu wa kambi ni huyo huyo, amevaa kofia nyingine.

Na ukitaka yule mwenyewe aliyeleta hayo mambo mpaka Kongo, alizaliwa Bolton, mji ule ule anaokaa mdogo wangu. William Lever, mtoto wa mwenye duka la vyakula, kazaliwa 1851, yule wa sabuni ya Sunlight. Mwaka 1888 alianza kujenga kijiji cha wafanyakazi wake karibu na Liverpool, Port Sunlight, kizuri mpaka leo watu wanakwenda kukipiga foto. Halafu 1911 Wabelgiji wakampa maeneo makubwa ya mawese hapa kwetu, akajenga Leverville, ambayo leo ni Lusanga, kule Kwilu. Huko hakukuwa na bustani za maua kwa wakata ngazi (matunda ya mawese), kulikuwa kulazimishwa, kodi, viboko, na 1931 Wapende, watu wa huko, wakaasi na wakauawa kwa mamia. Mtu mmoja, sabuni moja, vijiji viwili. Hata Union Minière, tunasemaka ya Wabelgiji, ilipoanzishwa 1906 pesa ya Waingereza ilikuwa ndani kupitia Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Kwa hiyo usiniambie hawakujua.

Na hapa ndipo naona ubaya wenyewe ulipo, si pale papa alipouweka. Uingereza walikataza tangu 1831 kumlipa mfanyakazi kwa vitu badala ya pesa, juu matajiri walikuwa wanawalipa kwa unga mbovu na sukari ya duka la kampuni. Watu wakachoka, 1844 mafundi 28 wa Rochdale, hapo hapo kaskazini, wakafungua duka lao wenyewe la unga, siagi, sukari na mishumaa, na faida wanagawana kulingana na mtu alichonunua, ndiyo koperative za dunia zinawakumbuka mpaka leo. Na sisi? Miaka mia moja baada ya ile sheria, kambini posho bado ni sehemu ya mshahara, unapanga mstari na mfuko wako. Wakati wanapiga kura ya kuondoa watoto wadogo viwandani kwao, hapa, tangu 1917, nkambo yangu wa Lomami alikuwa analazimishwa kulima pamba, bei imepangwa na wengine, na asipolima anafungwa. Kila kitu kilichoanza kuwatia haya nyumbani kwao, sisi tulikipokea ndiyo kwanza kinafika.

Risasi pia. Hapa kila mtu anajua, ama alipaswa kujua, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walikataa kazi juu ya mshahara, wakakusanyika kwenye kiwanja cha mpira, askari wakapiga, wakaanguka watu makumi. Sasa mdogo wangu siku moja alipita Preston, si mbali na Bolton, akaona sanamu barabarani ya watu wanaopigwa risasi, akauliza. Agosti 1842, wafanyakazi wa pamba wamegoma juu mshahara umekatwa, askari wakapiga, wanne wakafa. Karibu miaka mia kabla yetu. Sisemi ni sawa, hesabu ya wafu si sawa na wale walikuwa wanaweza kuacha kiwanda kimoja waende kingine bila kutafutwa na polisi. Ila yeye ana sanamu pale watu wanaponunulia mkate. Sisi je, mtoto wa masomo wa leo nikimwuliza kiwanja gani, atanijibu?

Nisiwafanye mfikiri wale wamama wanalia tu. Wakiongea, wanaongea zaidi juu ya ile wiki moja ya mwaka. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya kufunga viwanda vyote kwa pamoja, Bolton ilikuwa mwisho wa Juni, na mji mzima unahamia Blackpool kwenye bahari, mtaa wote, kwa hiyo jirani unayemkimbia nyumbani unamkuta tena anakunywa chai meza ya pembeni. Zamani wiki hiyo haikulipwa, watu walikuwa wanaweka senti mwaka mzima kwenye klabu, kama vile likelemba yetu, mpaka sheria ya likizo ya kulipwa ilipotokea 1938. Na wale waliobaki, wazee na wagonjwa, walikuwa wanaona kitu cha ajabu: moshi umekwisha, chimini zote zimelala, na milima iliyozunguka mji inaonekana, hata majani yake. Halafu Jumatatu inarudi moshi na milima inapotea. Blackpool wana mnara wa chuma wa 1894 wa mita 158, kila mtoto alikuwa anashindana kwenye gari la moshi nani atauona kwanza. Chimini yetu ya Lubumbashi ina mita 153. Nilifurahi kidogo kujua kwamba wametushinda kwa mita tano tu, na tena wao ni kwa kucheza.

Juu ya hiyo Jumatatu kuna jambo lingine. Wale waliofanya kwenye chumba cha kuchambua pamba walikuwa wanapata kifua, vumbi ya pamba inaingia kwenye mapafu, na ugonjwa ulikuwa unawashika zaidi Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili, kifua kinabana kabisa, Jumanne afadhali. Miaka mingi wamekohoa na mwenye kiwanda anasema ni sigara. Hapa kwenye mtaa wa Penga-Penga watu hawakuhitaji kuingia kiwandani kupata kifua, upepo ulikuwa unawaletea nyumbani. Na kama vile huko, watu walikuwa wanauvumilia moshi, wanaupenda hata, juu moshi ukitoka mshahara upo.

Siku moshi ulipokata kila mtu anazijua, sitarudia sana. Bolton mwaka 1929 ilikuwa na viwanda vya pamba 216, kufika miaka ya 1980 karibu vyote kimya. Gécamines, kampuni iliyochukua nafasi ya Union Minière, 1986 ilitoa tani kama 476,000 za shaba, na kabla miaka kumi haijaisha haikufika hata sehemu ya kumi ya hiyo, na 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa ile waliyoiita kuondoka kwa mapenzi. Mapenzi ya nani sijui. Yule mama wa Bolton anasema kiwanda chake kilipofungwa wanaume walikaa kwenye ukuta wa kanisa, hawajui kutembea bila kengele. Nilimjibu hiyo ninaijua.

Sasa jambo langu kwako, Bwana Mhariri. Kwa wenzetu kule Saltaire imewekwa na UNESCO tangu 2001, na karibu na Burnley, kwenye kijiji cha Harle Syke, kiwanda kizima cha mashine za mvuke kimekuwa myuze, yaani makumbusho (hicho wafumaji wenyewe ndio waliweka pesa wakakijenga, papa wa Kipushi hilo litampendeza). Mchoraji wao Lowry alichora zile chimini na watu wembamba wanaotoka kazini mpaka akawa tajiri. Sisi pia tulikuwa na wachoraji, Tshibumba Kanda Matulu na wengine, na kulikuwa na wakati kila salon ya kambi ina tablo ya chimini na terili (kilima cha taka za shaba) juu ya kabati. Myuze ya Lubumbashi pamoja na université walianza kukusanya kumbukumbu za watu wa mji kama mwaka 2000, kazi nzuri sana hiyo, lakini waliobaki wa kuulizwa wanapungua kila kipindi cha mvua.

Gazeti lenu kila mkifanya ukurasa wa maisha ya zamani mnatupa ingenieri wa retrete (mstaafu) na foto yake na tai. Tumemsikia. Tupeni nafasi ndogo, hata pembeni karibu na matangazo ya parseli, ya wamama wa kambi na watoto wa kambi, Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Kolwezi, waseme wenyewe na Swahili yao hii hii msiisafishe. Mama yangu yuko tayari kuanza, ila anataka mtu wa gazeti aje nyumbani, kwa simu haongei tena juu anasema mara ya mwisho nilimkatia katikati. Na mdogo wangu amekubali kuwasomea wazee wa Bolton kila maswali wasomaji watakayoleta. Moja la mtaani kwetu limeshatangulia, la jirani yangu aliyekuwa anapiga mpira na timu ya kambi: anataka kujua kama na wao kampuni ilikuwa inanunua viatu vya timu, na kama ndiyo, wakifungwa vilikuwa vinarudishwa stoo?

Mtoto wa kambi,
Komini Kampemba, Lubumbashi